Furaha ya Ndege Ndogo katika Maandishi ya Afrika ya Mashariki

Neno ndege katika Kiswahili lina maana mbili, na maana ya pili ni mpangaji katika nyumba ya maana ya kwanza. Mtoto wa Kitomanga, kijiji kilicho katika njia ya Lindi na Kilwa, akinyosha kidole juu na kuita ndege, mama yake hana budi kuinua uso kabla ya kujua kama mwanawe ameona kipanga au ameona chombo cha binadamu. Lugha haikuona haya kukipa chombo jina la kiumbe, kwa kuwa ilitazama tendo, wala haikutazama umbo. Kirukacho ni ndege. Walakini wasemaji wa lugha hiyo, waliotoa jina zuri namna hii, hawajaipa raha ya kuruka mahali pakubwa katika fasihi yao. Vitabu mashuhuri vya raha hiyo vilivyoandikwa juu ya Afrika ya Mashariki viliandikwa kwa lugha za Ulaya na watu wa Ulaya, na msomaji wa Kiswahili akaachiwa njia mbili: kuvipokea kwa sifa vilizokuja nazo, au kuvitupa kwa kuwa si vyake. Njia ya tatu, iliyo bora kuliko hizo mbili, ni kuvipima.

Vitabu vitatu vyafaa kuwekwa katika mizani. Cha kwanza ni Out of Africa cha Karen Blixen, kilichotoka mwaka 1937. Cha pili ni West with the Night cha Beryl Markham, cha mwaka 1942. Cha tatu ni Serengeti darf nicht sterben cha Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, cha mwaka 1959. Waandishi hawa hawafanani kwa tabia wala kwa kusudi. Lakini ndege zinazoruka katika kurasa zao ni za ukoo mmoja. Ni ndege ndogo zinazokaa juu ya magurudumu mawili ya mbele na kuuegemeza mkia wao chini, ama juu ya gurudumu dogo, ama juu ya gongo. Hoja ya uhakiki huu ni nyepesi kutamkwa ijapokuwa si nyepesi kutimizwa: furaha ya ndege hizo huanzia na kuishia ardhini, na kila kitabu kati ya hivyo vitatu husema kweli kwa kadiri kinavyoikumbuka ardhi, na hupotoka kwa kadiri kinavyoisahau.

Kwanza hapana budi kukijua chombo chenyewe, maana asiyejua jahazi hawezi kuhukumu sifa za baharia. Ndege ya namna hii isimamapo huinua pua na kuukalia mkia wake, mithili ya mbwa aketiye akimtazama bwana wake. Kwa sababu pua imeinuka, rubani haoni mbele. Aendapo kwa magurudumu hupinda kushoto na kulia ili aone njia, kama mtu achunguliaye pembeni mwa mzigo aliopakata kifuani. Kitovu cha uzito wake kiko nyuma ya magurudumu makubwa, na hapo ndipo penye siri yote. Chombo ambacho uzito wake umekaa nyuma ya magurudumu hakipendi kwenda sawa. Kikianza kupinda kidogo, mkia hutaka kuitangulia pua. Rubani asipowahi kuuzuia kwa miguu yake, iliyo juu ya pedali za usukani, ndege huzunguka papo hapo, bawa likakwangua chini, na safari ikaisha kwa aibu na hasara. Ndege yenye gurudumu chini ya pua ina tabia iliyo kinyume: uzito wake uko mbele ya magurudumu makubwa, nayo hujinyosha yenyewe. Ndiyo maana tangu miaka ya 1950 viwanda vingi vimehamia gurudumu la pua, na wanafunzi wengi wakajifunza kuruka bila ya kujifunza kuogopa mkia.

Hata hivyo wako watu, katika nchi nyingi, wanaozitafuta ndege za mkia kwa makusudi, nao hawazitafuti kwa kukosa akili. Sababu moja ni wepesi wake. Moth ya kampuni ya de Havilland, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1925, ilikuwa na mabawa ya kukunja, ikaweza kukokotwa nyuma ya motokaa na kulazwa bandani. Piper Cub ya Marekani, ambayo karibu 20,000 ziliundwa katika miaka kumi iliyoishia 1947, ilikuwa mifupa ya chuma chembamba iliyovishwa kitambaa, na mtambo wake wa kawaida ulikuwa na nguvu za farasi 65 tu. Gari dogo katika barabara ya lami ya Lindi laweza kwenda nayo sambamba. Mlango wake huweza kuachwa wazi hewani, rubani akanusa moshi wa shamba linalochomwa na mvua iliyo mbali. Haikimbii, haipandi juu sana, haibebi mizigo mizito, haimfikishi mtu mbali. Furaha yake basi haiko katika kufika. Iko katika kuongoza: katika kuisikia hewa kwa viganja na mizani ya chombo kwa makalio, na zaidi ya yote katika kutua, ambako rubani hana msaada isipokuwa miguu yake mpaka chombo kisimame kabisa. Akishusha miguu mapema kwa kudhani kazi imekwisha, mkia humkumbusha.

Msomaji wa pwani hahitaji kufundishwa furaha hiyo upya. Mtu wa Kitomanga ateremkaye Mchinga na kupanda ngalawa amekwisha kuijua. Ngalawa ni gogo lililochongwa, lenye mirengu miwili na tanga moja; bei yake ni ndogo kuliko ya jahazi, mzigo wake haba, na bahari humkaribia nahodha hata ikamlowesha. Meli humbeba abiria aliyelala; ngalawa haimchukui mtu asiyeshughulika. Wala resi za ngalawa hazishindaniwi kwa ajili ya kupeleka papa sokoni. Nahodha ajuaye upande wa goshi na upande wa demani angemwelewa rubani wa Moth pasipo mkalimani, kwani rubani atuaye katika upepo wa ubavuni huinamisha bawa la upande wa goshi, akakanyaga usukani kwa upande wa pili ili pua isigeuke, na gurudumu la goshini likatangulia kugusa nyasi. Maneno yote ya kazi hiyo yamo katika Kiswahili, yamehifadhiwa baharini. Hata hekima yake imo. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na hakuna methali inayoifaa zaidi ndege ambayo hatima yake iko mkiani.

Lakini ndege za kwanza za pwani ya kusini hazikuja kwa ajili ya furaha, na jambo hili halina budi kusemwa kabla ya kuvifungua vitabu. Tarehe 11 Julai 1915, marubani wawili wa Kiingereza, Cull na Arnold, waliruka kutoka kisiwa cha Mafia hadi juu ya delta ya Rufiji ili kuyaelekeza makombora ya manowari Severn na Mersey. Shabaha ilikuwa manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha katika mikoko. Ndege yao ilipigwa ikaanguka majini, nao wakaokoka, na Königsberg ikateketea siku ile ile. Vita vilipoteremkia Kilwa na Lindi mwaka 1917, hata yakatokea mapigano makali ya Mahiwa mwezi wa Oktoba, ndege za Waingereza zilikuwa zikipeleleza na kutupa mabomu katika nchi ambayo wapagazi wake walikuwa wakifa kwa njaa na maradhi njiani. Kwa hiyo mtu wa kusini alilipokea neno ndege, kwa maana yake ya pili, likiwa na baruti ndani yake. Miaka kumi baadaye, mwaka 1927, klabu ya marubani iliundwa Nairobi kwa ajili ya mchezo wa hewani, na mwaka 1929 Bibi Florence Kerr Wilson akaanzisha Wilson Airways. Chombo kilikuwa cha ukoo ule ule. Kilichobadilika ni nia ya aliyeketi ndani.

Bibi Blixen aliruka akiwa abiria. Rubani wake alikuwa Denys Finch Hatton, na ndege ilikuwa Gipsy Moth, ambayo abiria huketi mbele na rubani nyuma. Nafasi hiyo ya kukaa ndiyo nafasi ya kitabu chake. Mbele yake hapana mtu, hapana kazi, hapana pedali. Upo upeo tu. Anaziona nyati katika vilima vya Ngong na korongo wekundu wa ziwa Natron, naye anazieleza rangi na vivuli kwa ustadi ambao msomaji wa haki hawezi kuukana. Hii ni furaha ya jicho, nayo ni furaha ya kweli. Upungufu wake ni kwamba jicho lisiloshughulika huanza kumiliki kila linachokiona. Mashamba, mifugo na watu waliomo chini huwa nakshi ya zulia, na anayelitazama zulia kutoka juu haulizi ni nani aliyelifuma.

Kinachokiokoa kitabu hicho ni mzee mmoja wa Kikuyu. Mzee huyo anataka kujua kama waliopanda juu namna ile wamemwona Mungu. Ajibiwapo kwamba hawakumwona, anaona kwamba hana habari ya sababu yo yote ya watu wale kuendelea kuruka. Wasomaji wengi wa Ulaya wamelicheka swali hilo kwa upole, kama watu wanavyocheka swali la mtoto. Wamekosea. Ni swali la mhakiki, na ndilo swali gumu kuliko yote katika kurasa za ndege za Bibi Blixen. Mzee anauliza faida ya tendo. Mwandishi hana jibu, na heshima yake ni kwamba hakujitungia jibu la uongo. Aliliacha swali la mtu wa ardhini lisimame juu ya raha ya mtu wa hewani. Kama kitabu kizima kingaliandikwa kwa ujasiri wa ukurasa huo, kingalikuwa kikubwa zaidi kuliko kilivyo.

Tarehe 14 Mei 1931 Finch Hatton aliruka kutoka Voi, na ndege yake ikaanguka na kuwaka moto karibu na kiwanja. Hakufa peke yake. Pamoja naye alikufa mtumishi wake Mkikuyu, Kamau. Finch Hatton ana mnara katika vilima vya Ngong, na wasomaji wa dunia nzima wanaujua; Kamau anajulikana kwa wengi wao kwa jina moja tu, tena na wale wanaosoma kwa makini. Haifai kumlaumu marehemu kwa kufa, wala mpenzi wake kwa kulia. Inafaa tu kukumbuka kwamba katika Moth mlikuwa na viti viwili, na kwamba maandishi ya furaha yalikijua kiti kimoja vizuri kuliko cha pili.

Bibi Markham ni habari nyingine. Yeye aliketi penye pedali. Alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya akiwa mtoto mdogo, akakulia Njoro pamoja na watoto wa Kiafrika, akafundisha farasi wa mashindano kabla hajajifunza ndege. Mwalimu wake, Tom Campbell Black, alimfundisha katika Gipsy Moth kwa njia ambayo walimu wa mkia waijua sana: alimwacha akosee kiasi cha kuogopa, wala si kiasi cha kufa. Kitabu chake kinaanza Tanganyika. Rubani anaamshwa apeleke mtungi wa hewa ya oksijeni Nungwe, kambi ya wachimba dhahabu kusini ya ziwa Victoria, ambako mtu amelala mahututi. Naye anaruka usiku katika Avian, ndege ndogo ya viti viwili, akitafuta mioto iliyowashwa chini ili imwonyeshe mahali pa kutua.

Hapo ubora wa kitabu unadhihirika katika ukurasa wa kwanza wa safari. Anayeandika amefikiri juu ya ardhi kabla hajaondoka. Kwake giza si pambo, ni kutojua urefu wa nyasi. Mioto si mapambo ya usiku wa Afrika; ni mkono wa mtu aliyekesha ili mwenziwe asivunjike. Kadhalika katika habari za kuwatafuta tembo kwa niaba ya wawindaji, kitabu hakifichi kwamba kiwanja cha porini hukatwa kwa panga na jembe na watu wenye migongo, na kwamba ufupi wa kiwanja ni ufupi wa nguvu zao. Aidha yumo Arab Ruta, rafiki wa utotoni aliyekuwa mtumishi na mwangalizi wa ndege, ambaye ni mtu kamili kuliko wengi wa Wazungu wa kitabu hicho. Mizani kati ya watu wawili hao si ya haki, maana mmoja humwita mwenziwe kwa heshima na mwingine haitwi hivyo. Lakini mwandishi anaijua tofauti hiyo na inamsumbua, jambo ambalo haliwezi kusemwa juu ya kila mwandishi wa zama zake.

Karibu na mwisho wa kitabu ipo safari mashuhuri ya mwaka 1936. Tarehe 4 Septemba Bibi Markham aliondoka Abingdon, Uingereza, katika Vega Gull, akavuka Atlantiki peke yake kwa kuelekea magharibi, dhidi ya upepo. Baada ya saa 21 na dakika 25 petroli haikufika mtamboni, naye akateremka katika kinamasi cha Baleine, Nova Scotia, pua ya ndege ikazama matopeni. Mwandishi dhaifu angalikuza Atlantiki na kupunguza kinamasi. Huyu alilipa tope haki yake. Ushindi wake na kuanguka kwake vimelala katika ukurasa mmoja, na msomaji anafahamu kwamba aliyevuka bahari alishindwa na hatua chache za mwisho. Tezi na omo alikwenda. Marejeo yalikuwa ngamani.

Wamekuwako watu waliosema kwamba kitabu hicho kiliandikwa na mumewe wa tatu, Raoul Schumacher, na ubishi huo ulizidi baada ya kitabu kuchapwa tena mwaka 1983, kilipopata wasomaji wengi kuliko mara ya kwanza. Ubishi wa kalamu ni mrefu. Lakini liko jambo moja ambalo uhakiki waweza kulisema bila ya kuwaita mashahidi: kurasa za kutua zimetoka katika mwili uliotua. Mtu aweza kupamba mawingu kwa kusikia tu. Kuieleza miguu inayosubiri ardhi isiyoonekana si kazi ya kusikia. Kama palikuwa na mikono miwili katika kitabu, miguu ilikuwa ya mtu mmoja.

Upungufu wa Bibi Markham uko mahali pengine. Kwa kuwa anajua kazi, wakati mwingine anaona haya kukiri mchezo. Kila safari hupewa mgonjwa, au barua, au tembo, au rubani aliyepotea ili isionekane kuwa ya bure. Mara haba tu anakubali kwamba alipanda asubuhi moja kwa sababu asubuhi ilikuwa nzuri. Swali la mzee wa Kikuyu linamfuata hata yeye, naye analijibu kwa orodha ya shughuli. Jibu hilo ni la uaminifu nusu.

Haya hiyo ya mchezo ni kubwa zaidi kwa baba na mwana Grzimek. Waliruka kutoka Ujerumani hadi Serengeti mwishoni mwa mwaka 1957 katika Dornier Do 27, ndege ya mkia iliyo na nguvu na thamani kubwa kuliko Moth na Cub, iwezayo kuondoka na kutua katika kiwanja kifupi sana. Kusudi lao lilikuwa kuhesabu wanyama na kujua njia zao za kuhama. Kitabu kimejaa kazi hiyo, na kazi hiyo ilikuwa na faida. Lakini ndege waliipaka milia, ikafanana na pundamilia. Hata milia hiyo ikiwa ilikuwa na matumizi yake, hakuna mtu mzima ampambaye mtumishi wake hivyo asipokuwa anampenda na kucheza naye. Katika milia ile furaha iliyonyimwa ukurasa ilipata ngozi. Tarehe 10 Januari 1959 Michael, akiwa na umri wa miaka 24, aligongana na tumbusi hewani, ndege ikaanguka, akafa; kaburi lake liko ukingoni mwa Ngorongoro. Baba alikimaliza kitabu, na filamu ya jina hilo hilo ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Kurasa ambazo baba anamwomboleza mwanawe hazitaki mhakiki, zinataka kimya.

Walakini kimya hicho kisifunike jambo jingine. Kutoka juu nyumbu huhesabika na Mmasai haonekani isipokuwa kama doa jekundu mahali pasipo pake. Kitabu kilitetea Serengeti isiyo na wakazi, na mwaka ule ule wa 1959 sheria ilitenga hifadhi ya Ngorongoro, na Wamasai wakaiacha Serengeti. Kitabu hakikuamua jambo hilo, kwa kuwa mapatano yalitangulia. Lakini kiliipa nguvu fikira iliyo nyuma yake, na fikira hiyo ina umbo la dirisha la ndege. Msomaji wa mkoa wa Lindi hawezi kuipita hivi hivi. Katika miaka ya 1940 Wangindo wa Liwale walihamishwa kutoka makwao, na pori la akiba la Selous likapanuliwa juu ya mahame yao. Aitazamaye Selous kutoka juu huona pori la asili. Aliyezaliwa na wazee wa Liwale huona miembe iliyokosa wenyewe. Hapa basi kosa la fasihi laonekana kuwa si dogo: kuisahau ardhi katika sentensi ni ndugu wa kuwasahau watu katika sheria.

Yumkini atatokea mtu wa kusema kwamba habari zote hizi ni anasa ya wenye mali, na kwamba Kitomanga inahitaji bei njema ya ufuta na korosho kabla ya kuhitaji uhakiki wa michezo ya hewani. Pingamizi hili lina haki ndani yake. Gipsy Moth iliyoitwa rahisi iliuzwa Uingereza kwa yapata pauni 650, na kibarua wa mashamba ya mkonge ya Lindi wa siku zile, pengine ujira wa maisha yake yote usingalifika hapo. Hata leo ndege iliyo rahisi kuliko zote si rahisi kwa mkulima. Lakini pingamizi likisukumwa hata mwisho linamdhulumu yule yule linalomtetea, kwa kuwa linamhesabia maskini haja ya chakula tu na kumwachia tajiri haja ya furaha. Watoto wa vijiji vya kusini hurusha tiara bila ya kumwuliza mtu ruhusa. Baiskeli ilikuja kama kitu cha bwana shamba na karani. Leo imebeba mkaa, maji na wachumba. Chombo kidogo kina tabia ya kuteremka ngazi za watu. Kama ndege ndogo haijateremka, lawama ni ya bei na ya historia. Furaha haina kosa. Hata kazi iliyo ya lazima yaishuhudia: huko Kenya Super Cub, mtoto wa Cub ya zamani, zinaendelea kulinda tembo kwa kuwa zaweza kwenda polepole na kutua porini, na sifa hizo ni zile zile zilizowafurahisha waliozirusha kwa mchezo.

Neno la mwisho lahusu Kiswahili chenyewe. Kitabu chetu mashuhuri cha angani ni Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951, na kichwa chake chasema wazi kwamba nchi hiyo iko angani. Lakini anga la Shaaban Robert ni baraza. Humo Karama anashitakiwa, humo wajumbe wanatumwa pande zote za ulimwengu wakatafute mema, humo wanarudi wakafungwa. Hakuna arukaye kwa raha. Fasihi iliyolelewa na tenzi na mawaidha haikupenda kumpeleka mtu juu bila ya kumrudisha na funzo, na desturi hiyo ina hekima: katika Kusadikika mmoja wa wajumbe hutumwa ardhini, maana hata nchi ya hewa haina budi kujifunza kwa nchi ya udongo. Jambo ambalo Bibi Blixen alilikuta kwa bahati katika swali la mzee, Shaaban Robert alilijengea kitabu. Kilichobaki ni kuongeza kile ambacho yeye hakukihitaji, yaani raha isiyo na mashitaka.

Atakayeandika juu ya ndege ndogo kwa Kiswahili atakuwa na mali ambayo waandishi wale watatu hawakuwa nayo. Ana goshi na demani, kusi na kaskazi, shikio na tanga. Ana neno moja linalomweka kipanga na chombo katika tundu moja. Anajua pia upande wa pili wa kiwanja, wa waliofyeka nyasi na kuwasha mioto, kwa kuwa alitoka huko. Asione haya kusema kwamba rubani wake alipanda asubuhi kwa kupenda tu, akaruka juu ya mikorosho ya Kitomanga, akazunguka, akarudi bila ya barua wala mgonjwa. Mzee akimwuliza kama amemwona Mungu, amjibu kwamba alikuwa akitazama miguu yake. Na asimshushe mahali asipopajua. Aandike urefu wa nyasi, upande wa upepo, majina ya waliozifyeka nyasi hizo, na mbuzi waliofukuzwa ili gurudumu lipate mahali pa kugusa.